Heko, Wakunga

Mtazame mkunga wa zahanati ya kijijini umeme ukikatika usiku. Anainama, anaweka fetoskopu ya mbao, ile kama tarumbeta ndogo, juu ya tumbo la mzazi, anatega sikio na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto: kati ya 110 na 160 kwa dakika, roho inatulia. Mtoto akishatoka, mama anachomwa sindano ya oksitosini mara moja, asije akavuja damu nyingi. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza ukunga katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Vizuri, ingawa sifa hazinunui glavu. Hongereni, wakunga. Nanyi mnaopanga bajeti, wapeni vifaa, na posho zao zisicheleweshwe.