Spea Zinazoingiliana: Bodaboda za Kampala na Uaminifu kwa Chapa

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda Kampala zimeundwa kwa umbo linalokaribiana: silinda moja, ujazo wa kati ya sisi (cc) 100 na 150, kabureta, breki za ngoma, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Jina linaloonekana zaidi barabarani ni Bajaj Boxer. TVS nayo ina wafuasi wake, na pembeni zipo Honda na pikipiki za Kichina zenye majina mengi. Juu ya tangi majina hayo yanashindana vikali. Chini ya tangi mambo ni tofauti, kwa maana sehemu kubwa ya vyuma vinavyochakaa huingiliana, au hukaribiana kiasi kwamba fundi hodari anaweza kuviingiliza. Hali hiyo imeathiri sana namna waendeshaji wanavyochagua chapa na wanavyodumu nayo.

Kuingiliana kwa spea hutokana na njia tatu. Ya kwanza ni vipimo vya kimataifa ambavyo hakuna kiwanda kinachovimiliki. Beringi namba 6301 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 37 na upana wa milimita 12, iwe imetoka India, China au Japani. Cheni namba 428, inayotumika sana kwenye pikipiki ndogo, ina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Tairi lililoandikwa 3.00-17 hukaa kwenye rimu ya inchi 17 bila kujali nembo iliyo kwenye tangi. Kwa vitu vya aina hii muuzaji wa spea huhitaji namba tu, jina la pikipiki halimsaidii kitu.

Njia ya pili ni viwanda vya spea vyenyewe. Kampuni za pikipiki za India hazitengenezi kila kitu. Cheni za Rolon hutengenezwa na kampuni ya LGB ya Coimbatore, ambayo huuzia watengenezaji kadhaa wanaoshindana. Endurance Technologies ya Aurangabad ilikua kwa kuihudumia Bajaj, kisha ikapata wateja wengine kwa bidhaa kama shokapu na breki. Hivyo pikipiki mbili zinazogombea mteja mmoja dukani zinaweza kuwa na vyuma vilivyotoka kwenye mashine za kiwanda kimoja.

Njia ya tatu ni kunakili, na mfano wake mkubwa ni Honda CG125. Pikipiki hiyo ilitoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Injini yake hufungua valvu kwa fito za kusukuma badala ya cheni ya ndani, kwa hiyo vitu vya kulegea vimepungua kwa kimoja. Baadaye viwanda vya China, hasa vya mji wa Chongqing ambako kampuni za Lifan, Loncin na Zongshen zilikulia, viligeuza mashine za Kijapani za aina hiyo kuwa msingi wa pamoja. Kiwanda kimoja kilitengeneza pistoni, kingine kabureta, kingine fremu, na mwenye chapa akabaki na kazi ya kuunganisha na kubandika jina. Bei ilishuka sana. Pikipiki za Kichina zilipofurika Vietnam kuanzia mwaka 2000, Honda ilijibu mwaka 2002 kwa Wave Alpha ya bei nafuu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Honda ilikuwa imeingia ubia na kampuni ya Sundiro ya China, mmoja wa wale waliokuwa wakinakili mashine zake. Huo ulikuwa ushahidi kwamba chapa kubwa haikuweza tena kutegemea jina peke yake.

Hata hivyo kuingiliana kuna mpaka, na mpaka huo huonekana injini inapofunguliwa. Boxer ya sisi 100 ina pistoni ya kipenyo cha milimita 53 inayosafiri milimita 45. TVS HLX ya daraja hilo hilo ina pistoni ya milimita 51 inayosafiri milimita 48.8. Kwa ujazo zinakaribia kulingana, kwani ya kwanza ina sisi 99.27 na ya pili 99.7, lakini pistoni ya moja haifai kwenye nyingine. Ukuta wa silinda unapolika, kawaida ni kuupanua kwa mashine na kuweka pistoni ya saizi ya juu, ya 0.25, 0.50, 0.75 au mwisho 1.00. TVS hiyo ikipanuliwa hadi saizi ya mwisho itafika milimita 52 tu, na pistoni ya Boxer bado itakuwa imezidi kwa milimita nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa plagi: yenye uzi wa milimita 10 haiingii kwenye kichwa cha silinda kilichotobolewa kwa uzi wa milimita 12.

Kati ya vitu vya wote na vitu vya chapa moja kuna eneo la katikati, na hapo ndipo kazi ya fundi ilipo. Seti ya cheni ni mfano mzuri. Cheni yenyewe ni ya wote, lakini sproketi ya nyuma hufungwa kwa bolti, na mpangilio wa matundu ya bolti hutofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine. Fundi huhesabu meno, hupima umbali wa tundu hadi tundu, na huangalia tundu la katikati kama litakaa sawasawa kwenye habu. Likizidi kidogo, huchongewa bushi. Matundu yasipolingana, hutobolewa upya. Kampala ina watu wa kazi hizo. Katwe imejulikana kwa miaka mingi kwa wachongaji na wachomeleaji wa vyuma, nalo soko la Kisekka limejijengea jina kwa spea za magari, ambako kutafuta kifaa cha gari moja kitakachokaa kwenye gari jingine ni ujuzi wa kila siku. Ustadi huo ndio unaorefusha maisha ya pikipiki ambazo spea zake halisi ni haba.

Kwa kawaida mtu angetarajia kwamba spea zikiingiliana, uaminifu kwa chapa utakufa. Kampala inaonyesha jambo jingine: uaminifu haukufa, ulihama. Mwendeshaji wa boda hulipwa kwa siku. Pikipiki ikilala gereji siku mbili, hukosa mapato ya siku mbili, na kama ni ya mkopo, malipo ya wiki hayamsubiri. Kwa hiyo swali lake la kwanza huhusu spea: je, itapatikana hapo hapo, kwa bei anayoimudu, na je, fundi wa karibu na steji yake ameshaizoea? Boxer, iliyotokana na ushirikiano wa Bajaj na Kawasaki ya Japani na kuanza kubeba jina hilo India katika miaka ya 1990, inakidhi swali hilo vizuri. Sifa yake imejengwa na maelfu ya mafundi, wauza spea na watengenezaji wa nakala ambao Bajaj haijawaajiri. Chapa imepata nguvu kwa sababu spea zake zimekuwa mali ya soko zima.

Wakopeshaji wameuimarisha uaminifu huo. Tugende, kampuni iliyoanzia Kampala, huwawezesha waendeshaji kumiliki pikipiki kwa kulipa kidogo kidogo. Mkopeshaji wa namna hiyo ana sababu ya kupendelea modeli inayorekebishika kila mahali na inayouzika haraka mkononi, maana pikipiki yenyewe ndiyo dhamana. Hapo mduara hujifunga: modeli yenye spea nyingi hukopeshwa zaidi, inayokopeshwa zaidi huongezeka barabarani, na inayoongezeka barabarani huvutia spea nyingi zaidi. Mshindani mgeni anaweza kuwa na injini bora na bado ashindwe, kwa kuwa hana mduara huo.

Wingi wa spea una gharama yake. Cheni au pedi ya klachi ya nakala hafifu huvaa umbo lile lile na pakiti inayofanana na ya orijino. Kwa sababu hiyo sehemu ya uaminifu imeshuka kutoka kwenye jina la pikipiki hadi kwenye jina la spea, na kutoka hapo hadi kwa muuzaji anayeaminika. Kwa breki na usukani hili ni suala la uhai wa mwendeshaji na abiria wake, wala si la kuokoa shilingi.

Kushirikiana kwa spea kunaweza pia kufanywa na makampuni yenyewe kwa mkataba, na matokeo yake kwa uaminifu huwa mengine. Katika pikipiki za theluji za Amerika Kaskazini, Arctic Cat ya Minnesota ilitumia injini za Suzuki kwa miongo kadhaa. Kuanzia modeli za mwaka 2014 iliungana na Yamaha: Yamaha ilitoa injini ya mipigo minne, Arctic Cat ikatoa fremu na mfumo wa mkanda, na mashine zilizofanana mno zikauzwa chini ya majina mawili. Mwaka 2023 Yamaha ilitangaza kwamba ingeacha biashara hiyo baada ya modeli za 2025. Pale wateja walishuhudia tofauti ya chapa ikipungua kwa uamuzi wa wakubwa, ilhali Kampala wateja na mafundi wao wenyewe ndio walioifuta tofauti hiyo pale isipowafaa.

Sasa pikipiki za umeme zimeanza kuupindua mpangilio huu. Zembo, iliyoanza Kampala mwaka 2018, Gogo, ambayo awali iliitwa Bodawerk, na Spiro zote zimejenga huduma za betri. Katika mfumo wa kubadilisha betri, mwendeshaji hufika kituoni, huacha betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Mara nyingi betri hubaki mali ya kampuni, naye hulipia kila anapobadilisha. Mfumo huo humwondolea gharama ya kununua betri, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa zaidi kwenye pikipiki ya umeme, na humwondolea saa za kusubiri chaji.

Lakini betri hizo haziingiliani. Umbo la kasha, plagi ya kuunganishia, volti na mpangilio wa seli ni vya kila kampuni. Ndani ya betri mna pia saketi ya udhibiti inayowasiliana na pikipiki na kituo, na isipotambua upande wa pili inaweza kukataa kutoa umeme. Hilo haliwezi kutatuliwa kwa bushi wala kwa kutoboa tundu jipya, na kulilazimisha ni kukaribisha moto. Mwendeshaji hubaki na chapa yake kwa sababu vituo vya jirani havimpokei. Kampuni ikipandisha bei au ikifunga kituo, hana soko la Kisekka la kumwokoa.

Njia ya kutoka inajulikana. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio ziliunda muungano wa kuandaa viwango vya pamoja vya betri za kubadilisha. Mwaka 2022 huko Japani kampuni nne za pikipiki, Honda, Kawasaki, Suzuki na Yamaha, zilianzisha Gachaco pamoja na kampuni ya nishati ya ENEOS, kwa ajili ya huduma ya betri moja inayotumika kwenye chapa tofauti. Betri ya Honda inayotumika katika huduma hiyo ina uzito wa takriban kilo 10 na hubeba nishati ya zaidi kidogo ya kilowati-saa 1.3. Washindani hao hawakuacha kushindana. Walikubaliana tu juu ya kitu ambacho hakuna mmoja anayenufaika kwa kukificha milele.

Uganda ina Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na ina nafasi ya kuchukua hatua kabla mitandao hii haijawa mikubwa kiasi cha kutobadilika. Kiwango cha lazima kinaweza kuanza na mambo matatu: plagi ya kuunganishia, volti, na lugha ambayo betri huongea na pikipiki. Umbo la kasha linaweza kufuata. Kampuni zitabaki na uwanja mpana wa kushindania, kuanzia ubora wa mota na uimara wa fremu hadi ukarimu wa huduma. Historia ya Boxer ni somo kwao pia, kwa kuwa chapa iliyotawala barabara za Kampala ni ile ambayo kila fundi aliweza kuifungua na kila duka liliweza kuiuzia spea. Uaminifu wa kufungwa hudumu hadi mteja apate mlango wa kutokea. Uaminifu wa kuhudumiwa ndio unaofaa kujengewa biashara.