Koitalel kwa Kalamu ya Aliyemuua

Hapa Plateau, mzee akikusimulia kifo cha Koitalel arap Samoei, atakwambia alipigwa risasi akisalimiana. Soma sasa *Kenya Diary* ya Richard Meinertzhagen, iliyotoka 1957: eti yeye, aliyefyatua, ndiye aliyeponea mtego Oktoba 19, 1905. Jamaa anaandika vizuri, na hapo ndipo shida. Wataalamu waligundua baadaye kwamba aliiba ndege waliokaushwa makumbusho, akawabandika lebo za uongo. Kuhusu ndege hatumwamini tena. Kuhusu Koitalel bado tunamnukuu.

Na Barsirian arap Manyei, mwanawe Koitalel? Waingereza walimzuilia 1923, akaachiliwa 1964, Kenya ishapata uhuru. Nimeulizia kitabu kinachomhusu mjini Eldoret. Muuzaji akaniuliza, "Huyo aligombea kiti gani?"