Kuanguka Kwanza

Sisi tuliokulia Lwakhakha tunaijua ardhi inayoteleza. Mvua za Aprili zikishika miteremko ya Mlima Elgon, udongo mwekundu wa kushukia mtoni, pale mpakani na Uganda, huwa kama umepakwa mafuta, na mtoto anayetumwa dukani huambiwa mapema: kunja magoti, fupisha hatua, usikimbie. Barafu ya kukanyaga hatukuwa nayo. Ndiyo maana nilipoketi kando ya uwanja wa barafu wa Solar, katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, nilimtazama kocha wa watoto saa nzima bila kuchoka.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo walipojifunzia wachezaji wa magongo ya barafu wa timu ya Ice Lions, waliosafirishwa hadi Toronto mwaka 2018 wakacheza pamoja na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mimi walionishika ni watoto wa miaka mitano.

Kocha alianzia kwenye viatu. Alipiga magoti mbele ya kila mtoto, akakaza kamba kifundoni na kuzilegeza kidogo kwenye vidole. Kiatu kikilegea kifundo hupinda, na mtoto hulaumiwa kwa kosa la kamba. Soksi moja nyembamba, glavu, helmeti. Kisha, wakiwa bado kwenye zulia la mpira, akawafundisha kuanguka: chuchumaa, jiangushe kwa ubavu wa tako, kunja ngumi. Ngumi ina sababu yake, kwani vidole vilivyotandazwa juu ya barafu vinaweza kukatwa na chuma cha chini ya kiatu cha mwenzako anayepita. Kuinuka nako kuna utaratibu: piga magoti, simamisha mguu mmoja, weka mikono yote miwili juu ya goti hilo, nyanyuka. Walirudia hadi wakawa wanaangushana kwa kicheko.

Barafuni walianza kwa hatua fupi kama za bata, vidole vya miguu vikielekea nje. Mtelezo ulikuja wenyewe kati ya hatua na hatua. Kusimama ni kusukuma visigino nje huku ncha za viatu zikikaribiana, na aliyekwisha kujua kusimama ndiye aliyethubutu kwenda mbali.

Lakini ustadi wenyewe niliuona mikononi mwa kocha. Hakumburuta mtu. Alirudi kinyumenyume, viganja wazi, hatua moja mbele ya mtoto, ili mtoto amtazame yeye asitazame miguu yake. Hatua hiyo ikizidi, mtoto hulia, ikipungua, humdandia. Aliirefusha polepole, kama mtu anayemlegezea ndama kamba.

Msichana mmoja mwenye koti la njano alianguka katikati ya uwanja. Mama yake akainuka. Kocha akamwashiria akae, naye mwenyewe hakusogea. Mtoto akapiga magoti, akasimamisha mguu, akaweka mikono juu ya goti, akanyanyuka. Nawaomba wazazi mtakaowapeleka watoto wenu huko: kaeni vitini.