Tanzia na Kuhani

Neno tanzia limepata kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Mtu wa kawaida alisikiapo redioni ajua kwamba pana habari ya kifo. Mwanafunzi wa fasihi alisomapo darasani ajua kwamba ni jina la mchezo au hadithi ambayo mwisho wake ni maangamizi. Walakini asili ya neno hili ni Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake si kifo wala si maangamizi, bali ni kumfariji aliyefiwa. Ndugu yake, taazia, angali anayo maana hiyo ya kwanza. Hivyo lugha yetu, kwa bahati au kwa busara, imelitwaa neno la faraja ikaliweka juu ya msiba wenyewe. Katika makala haya nakusudia kuuliza kama sisi tunaosoma na kufundisha fasihi tumeitunza faraja hiyo, au tumebaki na maangamizi peke yake.

Swali hili halikunijia vitabuni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wiki chache baadaye alinijia ofisini msichana mmoja niliyekuwa nikimfundisha. Ndugu yake alikuwa miongoni mwa waliouawa. Muhula ule ule nilikuwa nikifundisha tanzia, na nilijiona mjuzi wa jambo lile. Nikampa methali mbili, nikamkumbusha kwamba kila nafsi ina ajali yake, nikamwambia ajikaze kwa ajili ya wazazi. Akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka. Mwaka uliofuata, tulipokuwa tukizungumza mambo mengine, alinieleza kwa adabu kwamba katika siku zile alikumbuka uso wa mtu mmoja tu. Ni mwanamke mgeni, mtu wa kujitolea, aliyeketi na mama yake tangu asubuhi katika Uwanja wa Nyayo mjini Nairobi, mahali ambapo jamaa walikuwa wakikusanyika kungoja habari. "Aliniuliza jina la kaka yangu," akasema, "kisha akanyamaza." Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mwanamke yule alijua nini ambacho mwalimu wa tanzia hakukijua.

Kwanza na tutazame desturi yetu wenyewe. Mtu akifiwa, majirani hawangoji kuitwa. Mikeka hutandikwa, wanawake huingia ndani, wanaume huketi barazani, chungu hubandikwa jikoni, na wengine hulala hapo hapo mpaka matanga yaondolewe. Ukisikiliza yanayosemwa utastaajabu kwa uchache wake. Anayeingia husema pole; anayejibu husema ameshapoa, na kila aliyepo ajua kwamba hajapoa. Neno lenyewe ni jamaa ya upole na ya polepole. Halitoi sababu ya kifo, halimwambii mtu afikiri nini, wala halidai kujua lililo moyoni mwake. Lamtakia tu mwendo wa taratibu. Kisha msemaji huketi. Katika matanga neno ni mlango, na kuketi ndiko kuhani kwenyewe.

Lakini matanga yana masharti yake. Yahitaji nyumba, yahitaji maiti wa kuzikwa, yahitaji majirani ambao msiba haukuwagusa wao wenyewe. Msiba wa ghafula unaowachukua wengi kwa pamoja huyavunja masharti yote matatu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ilipokaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Baadhi walizikwa pamoja Igoma, na wengine hawakuonekana tena. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi katika safari ya Unguja kwenda Pemba, na huko nako mamia walikwenda na maji. Mwenye kumngoja ndugu ufukweni hana nyumba ya kuandalia matanga, maana hajui kama amefiwa. Jirani yake naye yuko pale pale, akimngoja wa kwake. Hapo ndipo anapohitajika mgeni: mtu asiyefiwa, asiyejulikana, asiyelipwa, ambaye amekuja kufanya kazi ya jirani.

Kazi hiyo ina historia yake, na si ndefu. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha mjini London huduma ya simu kwa watu waliokuwa wamekata tamaa ya kuishi. Alikusudia kuzungumza nao mwenyewe. Watu wa kujitolea walikuja kumsaidia tu, wakiwapokea wageni na kuwapa chai wakati wakingoja zamu. Upesi akagundua kwamba wengi waliokwisha kunywa chai na kusikilizwa na watu wale hawakuwa tena na haja ya kumwona yeye. Mwaka 1954 akawaachia kazi ya kusikiliza. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisoma habari hii bila kuitambua: ni baraza la matanga, limezuka katikati ya mji ambao majirani zake walikuwa wamesahau kuketi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine mawili, lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza kwa nafsi zilizofikwa na msiba. Wahakiki hawana mazoea ya kusoma vitabu vya namna hiyo. Mimi nimekisoma kama nisomavyo diwani, na naona kwamba ni kitabu kinachojali maneno kuliko vitabu vingi vya ushairi. Msingi wake ni vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Chamkataza msaidizi kumlazimisha mtu kusimulia yaliyompata. Chamkataza kumwambia mtu ajisikie vipi. Chamkataza kutoa ahadi asizoweza kuzitimiza, na kuleta visa vya wengine mbele ya aliye na kisa chake. Chamruhusu kunyamaza. Makatazo haya hayakutokana na adabu tu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtu akisimulishwa msiba wake mara moja, upesi, atapona; uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya nafsi yanayokuja baadaye, na wataalamu wakaacha kukipendekeza. Hadithi ina wakati wake, na mwenye kuujua wakati huo ni mwenye hadithi.

Jambo hili si geni katika maandiko ya kale. Ayubu ajulikana kwetu kwa subira, na Kiswahili kina utenzi wake. Katika Biblia, rafiki zake watatu walipokuja kumfariji waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa. Kosa lao halikuanza hapo. Lilianza walipofumbua vinywa kueleza sababu ya msiba, na mwisho wa kitabu wakemewa kwa maneno yao; kwa ukimya wao hawakukemewa. Nilipomwita msichana yule ofisini kwangu moyoni mwa kumbukumbu, niliona kwamba mimi nilikuwa nimeziruka siku saba nikaanzia kwenye hotuba.

Sasa na tuyapime kwa kipimo hiki mashairi yetu ya rambirambi. Magazeti ya Kiswahili, tangu siku za Mambo Leo lililoanzishwa mwaka 1923, yamewapa washairi nafasi, na kila msiba mkubwa huwaletea wahariri mashairi mengi. Umbo la mengi ni moja. Ubeti wa kwanza wataja siku na mahali. Wa pili wasema kwamba taifa zima lalia. Wa tatu wakumbusha kuwa dunia ni mapito. Zinafuata beti za kuwausia wafiwa wasubiri. Mwisho ni jina la mshairi na mji wake. Vina havina kasoro na mizani imetimia. Walakini mara nyingi mfiwa hayumo. Yeye ni mtu wa kuusiwa tu, hana sauti, hana swali, wala hakupewa nafasi ya kukataa. Shairi limefika nyumbani kwake na kuanza kusema kabla halijaketi.

Sisemi kwamba wasia wa subira ni neno bovu. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo ni neno la imani, na wengi wamesimama kwa nguvu zake. Wala si haki kumlaumu mshairi wa gazeti kwa kufuata desturi iliyomlea. Nasema tu kwamba neno lile lile huwa dawa likitoka kinywani mwa mfiwa, na huwa amri likitoka kinywani mwa mwingine. Mfiwa asemapo "nimesubiri" ametuambia ushindi wake. Sisi tumwambiapo "subiri", tumemwomba aharakishe ili nasi tupumzike.

Mbona basi shairi la Shaaban Robert liitwalo "Amina" halijachakaa hata leo? Nadhani ni kwa sababu halimuusii mtu. Mshairi mwenyewe ndiye mfiwa, naye hazungumzi na waombolezaji; azungumza na mkewe aliyekufa. Amwita kwa jina lake. Amfananisha na ua. Amwombea kwa Mungu, na katika kibwagizo arudia kila mara kwamba kifungo cha mapenzi yao hapana wa kukifungua. Msomaji aliyefiwa halazimishwi kukubali neno lolote. Aachwa aketi karibu, asikilize mtu mwingine akilia kwa heshima, na ndani ya jina lile la Amina aweza kuliweka jina lake yeye. Hivyo shairi la maombolezo ya mtu mmoja limekuwa faraja ya watu wengi, nalo halikujitangaza kuwa faraja.

Al-Inkishafi yatupa mfano wa pili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona magofu ya Pate, na wasia aliokuwa nao ni mkali kuliko ule wa mashairi ya magazeti. Lakini amwelekezea nani? Auelekeza kwa moyo wake mwenyewe. Auhoji, aukaripia, aukumbusha majumba yaliyokuwa na taa na sasa yana popo. Sisi twausikia wasia ule kama watu wapitao barazani, na twauchukua tukitaka. Kumbe hata mawaidha yaweza kufariji, mradi mwenye kuyatoa aanze na nafsi yake.

Kwa mifano hii naweza sasa kusema alichokijua mwanamke wa Nyayo. Aliuliza jina. Siku zile hesabu ya waliouawa ilikuwa kinywani mwa kila mtu, na hesabu, hata ikiwa ya kweli, humfanya kila mmoja awe sehemu ya mia moja na arobaini na nane. Wakenya wengi, vijana hasa, waliliona hilo; wakakataa kwamba wafu wao wawe tarakimu, wakatangaza katika mitandao majina na picha zao, kila mtu na uso wake. Tendo lile lilikuwa tanzia kwa maana zote mbili za neno: lilikuwa habari ya kifo, na lilikuwa faraja. Kisha mwanamke yule akanyamaza, kwa sababu jina likishatajwa mwenye kufiwa ndiye mwenye zamu ya kusema, kama anataka.

Hata hivyo mtu wa kujitolea ana upungufu mmoja ambao mwongozo wowote hauwezi kuuondoa: huondoka. Uwanja hufungwa, gari hurudi mjini, naye ana kazi yake na watoto wake. Jirani wa matanga hubaki. Atakutana na mfiwa kisimani mwaka ujao. Ndiyo maana kitenzi cha tatu cha mwongozo ni kuunganisha, yaani kumkabidhi mfiwa kwa wale watakaobaki naye. Na miongoni mwa hao wanaobaki, fasihi ina nafasi yake. Shairi haliwezi kuleta maji wala kushika mkono, lakini halina gari la kurudia. Mtu aweza kulifungua mwaka wa kumi, usiku ambao hakuna anayekumbuka kumpa pole, akalikuta lingali limeketi pale pale.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wanaofundisha, na kwa wanafunzi watakaofundisha kesho. Tuendelee kuchambua anguko la shujaa, dosari yake na majaaliwa yake; hayo ni elimu na hayana budi kufundishwa. Lakini tukilipima shairi la maombolezo tusiishie kwenye vina na mizani. Tuulize pia: lasema na nani? Je, limemtaja aliyekufa kwa jina? Limemwachia mfiwa nafasi ya kusema? Laweza kukaa naye, au limekuja kutoa hotuba na kwenda zake? Shairi lisiloweza kuyajibu maswali haya laweza kuwa sahihi kabisa na bado likawa geni nyumbani kwa wafiwa.

Msichana yule alikwisha hitimu na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu. Siku aliyokuja kuniaga nilimwomba radhi kwa methali zangu mbili. Akacheka, akaniambia kwamba hazikumbuki. Ndipo nikamwuliza, kwa kuchelewa sana, jina la kaka yake. Akanitajia, akavuta kiti, akaanza kunisimulia habari zake.