Kanyaga, Shikilia
MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila vizingiti vya chini ya milango, anayelifufua nyumbani hufunga kwanza vyuma vya kushikilia bodi, ndipo akate na kuchomelea. Asipofanya hivyo bodi hupinda, milango haifungiki tena. Uchomeleaji huo rangi huufunika, na hakuna anayeusifu. Lakini kila atakayelipanda gari hilo atakuwa ameukalia.

Breki nazo mara nyingi hutolewa upepo na watu wawili. Binti yuko kwenye pedali, mama yuko chini na spana. “Kanyaga! Shikilia!” Skrubu ya kutolea upepo inalegezwa, mapovu yanapita mpirani, inakazwa. “Achia.” Chakula kinapoa mezani, mwenye njaa na aje ashike tochi.