Mshono Uliochukua Kazi ya Brashi: Sanaa ya Abdoulaye Konaté

Abdoulaye Konaté, msanii wa Mali aliyezaliwa mwaka 1953 huko Diré, kando ya Mto Niger, alisomea uchoraji Bamako na baadaye Havana nchini Kuba, lakini kazi zilizomjengea heshima duniani zimeshonwa. Tangu miaka ya 1990 nguo ndiyo nyenzo yake kuu katika sanaa ya usakinishaji, yaani sanaa isiyoishia kwenye fremu bali hutwaa ukuta, sakafu au chumba kizima, na sifa anayostahili zaidi ni ya kuupa mshono uwezo uliodhaniwa kuwa wa brashi peke yake.

Malighafi yake ni bazini, kitambaa cha pamba cha aina ya damaski, ambacho mapambo yake hutokana na jinsi nyuzi zilivyofumwa na kuakisi mwanga, wala si na tofauti ya rangi. Kwa kawaida huingia Mali kutoka nje ya nchi kikiwa cheupe, kisha wanawake wa Bamako waliobobea katika kutia rangi hukichovya, hukikamua na kukianika, na hatimaye kitambaa hutiwa wanga au gundi na kupigwa kwa nyundo nzito za mbao mpaka kikakamae na kung'aa. Kwa kuwa ndicho kitambaa cha harusi na sikukuu, rangi humfikia msanii ikiwa tayari na hadhi yake, nayo ni hadhi iliyotokana na jasho la watu wengine.

Karakanani kitambaa hukatwa vipande vyembamba vinavyoshonwa safu juu ya safu, ncha zikiachwa huru, mithili ya manyoya ya ndege, mtindo unaohusishwa na mavazi ya wanamuziki wa jamii ya Wasenufo. Hapa ndipo ustadi unapodhihirika, kwani mchoraji huweza kuchanganya rangi mbili zingali mbichi akapata ya tatu papo hapo, ilhali mshonaji hana njia hiyo: kila hatua ya buluu inayotoka kwenye giza la nili hadi weupe wa anga lazima itiwe rangi peke yake, ikatwe, na iwekwe mahali pake. Kwa mbali jicho huona rangi moja inayoyeyuka polepole. Kwa karibu huona mamia ya maamuzi, na kivuli chembamba chini ya kila kipande, kivuli ambacho rangi iliyopakwa haiwezi kukitoa.

Mshono wake hubeba maana pia: katika kazi yake ya mwaka 1994 ya kuwaenzi wawindaji wa eneo la Mande, nguo imesheheni hirizi na simbi kama mashati ya wawindaji wenyewe, na miaka miwili baadaye alipewa tuzo ya Léopold Sédar Senghor katika maonyesho ya Dakar. Mwaka 2007, katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, hirizi zilirejea katika kazi iliyozihusu Israeli na Palestina. Katika kazi za namna hii maana haijabandikwa juu ya nguo kama tangazo, nazo, bila shaka, ndizo zenye nguvu kuliko zote, kwa sababu hirizi yenyewe ni kitu cha kushonwa: ngozi hufungwa kwa uzi kuzunguka maneno ambayo mvaaji hayaoni, lakini huyategemea.