Nusu siku Mombasa: hesabu za dereva

Treni yetu ya Nairobi ilikuwa ya saa tisa alasiri. Kulikuwa na harusi ya kuwahi, na mama yangu, ambaye alikuwa hajawahi kufika Mombasa, alisema hatatoka mji huo bila kuiona Ngome, yaani Fort Jesus. Hoteli ilikuwa Nyali, stesheni iko Miritini, na katikati kuna kisiwa kizima. Tulikodi gari na dereva mwenyeji, tukampa asubuhi yetu, kisha nikakaa kiti cha mbele na kijitabu nikiandika saa za kila tulipofika na kila tulipoondoka.

Safu hii inachambua kazi ya dereva yule. Watu wengi hudhani matembezi ya nusu siku hupimwa kwa idadi ya mahali palipoonwa. Vijitabu vya watalii ndivyo vinavyouza: vituo saba, vituo tisa, picha kila kona. Nilichokiona Mombasa ni kwamba kazi yote iko kwenye mpangilio, yaani nini kitangulie, nini kifuate, na kipi kiwe tayari kuachwa. Dereva wetu aliujua mpangilio huo vizuri mno, kisha akauharibu mwenyewe kwa kosa moja.

Maswali kabla ya bei

Tulipompigia simu jioni ya kuamkia safari, hakuanza na bei. Aliuliza siku, nikamwambia Jumatano. "Vizuri," akasema, "ingekuwa Ijumaa ningewapangia vingine, Mji wa Kale saa sita watu wako msikitini." Aliuliza kama kuna mzee au mtoto. Aliuliza treni ni ya saa ngapi na mizigo mingapi. Mwisho akauliza kama tuna laini ya simu ya Kenya, kwa sababu viingilio angetaka kuvilipa kwa M-Pesa. Hatukuwa nayo. Tukakubaliana alipe yeye getini, atuoneshe ujumbe wa malipo, nasi tumrudishie papo hapo.

Bei ilikuwa ya gari wala si ya kichwa: kuanzia saa mbili kasorobo asubuhi hadi saa nane mchana, mafuta, maegesho na muda wa kusubiri vikiwa ndani. Viingilio, mtembezaji wa Mji wa Kale na chakula vilikuwa juu yetu. Mkataba wa namna hii unamfaa abiria kuliko teksi ya programu ya simu, kwa sababu gari linaposimama hulipii wasiwasi. Mama angeweza kukaa kwenye benchi la Ngome robo saa nzima, na hakuna mita iliyokuwa ikikimbia.

Kwa nini hatukuanza na Ngome

Mimi ningeanza na Fort Jesus. Hufunguliwa saa mbili asubuhi, jua bado changa, na ndiyo kiini cha safari. Dereva alikataa. Aligeuza gari kaskazini kuelekea Bamburi, akatupeleka Haller Park kwanza.

Sababu yake ni daraja. Mombasa ni kisiwa, na anayetoka bara ya kaskazini kuingia mjini hupita Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, wafanyakazi wote wa Nyali, Kisauni na Bamburi wanaingia kisiwani kwa njia hiyo. Kuifuata Ngome saa mbili kungetugharimu karibu saa moja ya kutazama bamba la matatu iliyo mbele yetu. Tukienda Bamburi tulikuwa tunakwenda kinyume cha foleni, na barabara ya upande wetu ilikuwa nyeupe.

Ukitazama ramani utaona la pili. Bamburi iko kaskazini, kisiwa kiko katikati, Miritini iko magharibi. Kuanzia Bamburi, njia aliyoichora ilikuwa mstari mmoja usiorudi nyuma. Nilipomwuliza kuhusu Diani, ambako jamaa yangu alisisitiza tufike, alicheka. "Kaka, Diani kwa njia ya Likoni ni kivuko. Kivuko hakina saa. Ukienda Likoni, treni iage kabisa."

Haller Park ilistahili dakika 75 tulizopewa. Palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza mwaka 1954. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu wenye maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Lakini majani ya mvinje hayakuoza. Yalilala juu ya jiwe kama mkeka. Suluhisho lilikuwa jongoo. Aliwaleta majongoo wakala majani yale, na kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza. Leo twiga wanatembea hapo.

Dereva alilieleza jambo hili ndani ya gari, kabla hatujafika. Kwa hiyo mama alipoingia alikuwa anatafuta jongoo kwanza, viboko baadaye. Maelezo yanayokuja kabla ya kuona humfanya mtu atazame, na yanayokuja baada ya kuona humfanya aitikie tu kwa adabu. Kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akajishikiza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee, alikiacha kwa mtunzaji wa bustani. Alijua kukaa kimya mahali ambapo mwingine anajua zaidi.

Kisiwani

Saa tatu na nusu tulirudi kusini. Pale Kengeleni, taa zikiwa nyekundu, alituonesha mnara wa kengele uliolipa eneo hilo jina. Ni wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870. Alisema sentensi mbili, taa ikawaka kijani, akaendesha. Hakusimama, na hakuhitaji. Kuna mambo ya mji yanayotosha kuonwa dirishani, na dereva mzuri ana hifadhi ya sentensi mbilimbili kwa kila taa.

Daraja lilikuwa tupu. Tulishukia Buxton, tukashika Digo Road, na saa nne kamili tulikuwa mlangoni pa Ngome.

Hapa mpangilio wake ulikuwa na gharama, nami sitaificha. Saa nne Mombasa jua limeshapanda, na ua wa Fort Jesus hauna kivuli cha maana. Alilijua hilo. Alimpa mama chupa ya maji baridi kutoka kwenye boksi la barafu, akatushauri tuende kinyume na watu wanavyozoea: tusianze na kuta na mizinga, tuingie kwanza jengo la makumbusho, tupumzike baadaye Nyumba ya Waomani yenye upepo wa mlango wa bahari, kuta tuzipande mwisho kwa dakika kumi tu.

Ndani ya saa moja na robo tuliyokaa humo kulikuwa na mengi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele mwaka 1697 wakati wa mzingiro huo, na vitu vilivyoopolewa kutoka chini ya maji vimo makumbushoni. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mama hakujali sana tarehe. Alisimama muda mrefu mbele ya michoro ya mkaa na rangi iliyoachwa ukutani na askari wa Kireno, mashua na watu, akasema, "Hawa nao walikuwa wanakumbuka kwao."

Mahali gari lisipoingia

Mji wa Kale unaanza ubavuni mwa Ngome, na hapo dereva alikabidhi kazi. Vichochoro ni vyembamba. Tuktuk yenyewe hubana mbavu. Alimwita kijana wa mtaani ambaye hufanya naye kazi, akamtajia bei mbele yetu, akatamka na muda: "Saa moja, utawatolea upande wa Marikiti, mimi niko huko." Mambo mawili yalipatikana. Hatukurudi kwa miguu kulifuata gari, na hakuna aliyetudai zaidi mwisho wa njia.

Vichochoro vina kivuli, ndiyo sababu alivipangia saa tano na ushei. Tulipita Ndia Kuu, jina ambalo kwa sisi wa Tanzania Bara ni somo dogo la Kimvita: ndia ni njia. Tukauona msikiti wa Mandhry, ambao historia yake inarudishwa hadi 1570 hivi, milango ya nakshi, vibaraza vilivyotokeza juu ya vichwa vyetu. Mama alikula viazi karai na kununua mabuyu mekundu ya kupelekea wajukuu. Saa sita na robo tulitokea Marikiti, na gari lilikuwa pale.

Kituo cha akiba

Sasa tufike kwenye kitu nilichokipenda zaidi katika mpango wake. Cha mwisho kwenye orodha kilikuwa Changamwe, kwa wachongaji wa Kikamba, ambao ushirika wao ulianzishwa mwaka 1963. Changamwe iko njiani kwenda Miritini, na njia hiyo inatawaliwa na malori ya bandari. Ikiwa nyeupe, nusu saa inatosha kutoka mjini hadi stesheni. Malori yakishika, hesabu saa moja na zaidi. Tena Miritini si stesheni ya kurukia treni: mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha mashine, kisha foleni ya tiketi.

Kwa hiyo alikiweka mwisho kituo kinachoweza kukatwa bila kuumiza vingine. Angeweka mwisho Ngome, kila lori lingetutoa jasho. Hivyo alivyopanga, ucheleweshaji wowote ungeliwa na akiba.

Kisha akaila akiba hiyo yeye mwenyewe. Tulipotoka Marikiti, badala ya kuelekea moja kwa moja kwenye pembe za Mapembeni, alisimama kwenye duka la vinyago na kanga. "Dakika tano tu, mamangu, utazame tu." Hakuna aliyeliomba duka lile, wala halikuwa kwenye mazungumzo ya simu. Muuzaji alimpokea dereva kwa jina. Tulikaa dakika 25, mama akanunua kanga kwa aibu ya kutoka mikono mitupu, na mimi nikaandika kwenye kijitabu: kamisheni.

Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki. Lakini tazama zile dakika 25 zilitoka wapi. Hazikutoka kwenye Ngome, iliyokuwa imeshaonwa. Wala hazikutoka Mapembeni: pembe za alumini za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kupokea wageni wa kifalme kutoka Uingereza, tulizipiga picha dakika nne upande wa Bustani ya Uhuru. Baada ya daraja la Makupa malori yalikuwa yamejipanga, dereva akatazama saa, akasema kwa sauti ya chini, "Wachongaji itabidi tuwasalimie kwa mbali." Tukapita.

Nilichokosa nilikijua. Masimulizi ya uchongaji wa Wakamba humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa kwetu, akarudi na ufundi Ukambani. Mimi na mama ni watu wa Morogoro. Katika vituo vyote vya siku ile, hicho ndicho kilichokuwa na mkono wa nyumbani ndani yake, na kilibadilishwa na duka la kanga ambazo zinauzwa hata kwetu.

Hukumu

Tulifika Miritini saa nane kasoro dakika kumi, ndani ya muda. Kwa saa sita na dakika tano tuliona vituo vitatu vikubwa kwa utulivu, hatukukwama foleni ya maana hadi Changamwe, na mama wa miaka 71 alipanda treni akiwa na nguvu za kusimulia. Kuanza kinyume cha foleni, kuchora mstari usiorudi, kupeleka jua ndani ya makumbusho na vichochoro, na kuweka akiba mwisho: haya manne ni ufundi wa kweli, na hakuna ramani ya simu ambayo ingetupangia. Namkata alama kwa duka, maana mtu anayejua thamani ya dakika 25 kiasi kile hawezi kusema hakujua alichokichukua.

Ukikodi gari la nusu siku mji wowote, ulizia bei, lakini usiishie hapo. Muulize dereva maswali mawili kabla hujalipa chochote: njia ikituzuia, tutaacha kituo kipi? Na je, kuna duka lolote tutakalosimama? La kwanza litakuonesha kama ana mpango. La pili litaulinda.